Tundu Dogo na Jicho la Mzee: Kuchagua Tundu la Kulengea kwa Bunduki ya Wenzo

(Haya ni maneno ya mwenzetu mmoja, aliyoyasoma siku ya pili ya mkutano wa wanafunzi wa zamani mbele ya wageni, walimu na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Tunayachapa kama alivyoyasoma.)



Barua ya Katibu iliniomba nizungumze juu ya jambo ninalolifahamu vizuri, lakini lisiwe siasa wala mawaidha. Nilifikiri sana. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa fundi wa mashine kiwandani, katika jimbo la Michigan, huko Marekani, na mazungumzo ya mashine za kukata chuma yangewalaza usingizi kabla ya chakula cha mchana. Basi nimechagua jambo dogo sana. Ni dogo hata kalamu ya risasi haipiti ndani yake. Nitazungumza juu ya tundu la kulengea, na jinsi ya kulichagua kwa bunduki ya wenzo ya kuwindia.

Naona vijana wamechangamka kusikia neno bunduki. Tulieni. Hapa petu bunduki ni jambo la leseni na serikali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977. Tanzania iliufunga mwaka 1973 ikaufungua tena mwaka 1978, kwa vibali. Sikuja kumfundisha mtu kuingia porini. Huko ninakokaa, mwezi wa Novemba watu huwinda kulungu kwa leseni, kwa siku zilizowekwa na kwa saa zilizowekwa, na nyama hiyo ndiyo kitoweo cha nyumba nyingi wakati wa baridi. Nami nikajifunza hivyo kwa majirani. Mambo nitakayosema ni ya huko, ila mwisho wake mtauona uko hapa hapa, katika chumba kile cha fizikia chenye dirisha lililovunjika.

Tuanze na bunduki yenyewe. Bunduki ya wenzo ni ile ambayo chini yake, pale kidole kinapoingia kwenye kifyatuo, pana mkono wa chuma wenye umbo la pete ndefu. Ukiusukuma chini kisha ukaurudisha juu, ganda lililotumika hutoka na risasi mpya huingia. Ni wenzo ule ule wa darasani, una egemeo na una jitihada. Iliyo maarufu kuliko zote ni Winchester Model 1894, iliyobuniwa na John Browning. Nyingine ni Marlin 336, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Bunduki za namna hii zilifika hata kwetu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa kwa safari yake ya kuwinda. Kati ya silaha alizokuja nazo ilikuwamo Winchester ya wenzo, Model 1895, ya kipimo cha .405. Naye alikuwa mtu wa miwani mizito. Likumbukeni jambo hilo la miwani.

Mtu akinunua bunduki ya wenzo, mara nyingi huikuta na alama mbili za kulengea. Mbele, mwishoni mwa mtutu, pana ncha ndogo. Nyuma yake, katikati ya mtutu, pana kipande cha chuma chenye pengo. Mlengaji huitia ncha ndani ya pengo, kisha huiweka ncha juu ya mnyama. Kwa hiyo jicho linatakiwa kuona vitu vitatu kwa pamoja, navyo viko mbali mbalimbali: pengo, ncha na mnyama. Jicho la kijana huruka haraka kutoka kimoja hadi kingine, hata mwenyewe hajui kwamba linaruka. Jicho la mtu aliyevuka miaka arobaini na mitano haliwezi tena. Lenzi ya jicho imekuwa ngumu, hainepi kama zamani. Pengo huwa kama moshi.

Hayo niliyajua kwa vitabu. Kuyajua kwa mwili nilichelewa, na mwingine ndiye aliyelipa gharama ya kuchelewa kwangu.

Ilikuwa Novemba 2002, nami nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Bunduki yangu ilikuwa Winchester 94 ya risasi za 30-30, niliyouziwa na jirani yangu, mzee mmoja mstaafu ambaye ndiye aliyenifundisha kuwinda. Nilikuwa nimekaa kimya pembeni ya kinamasi tangu saa tisa. Jua lilipokwisha kushuka alitokea kulungu jike, hatua sabini hivi. Nililenga. Nakumbuka vizuri kwamba pengo sikuliona sawasawa. Nililikisia. Nikajiambia, umefanya hivi miaka kumi na sita, mkono unajua. Nikafyatua.

Kulungu alikwenda. Juu ya theluji palikuwa na damu kidogo na chembe za mfupa. Mzee alikuja na taa, tukafuata nyayo mpaka giza likatushinda. Alfajiri tukaanza tena. Tulimkuta saa tatu ya asubuhi, amelala chini ya miti, mguu wa mbele umevunjika, naye yu hai anatutazama. Nilimaliza kazi ambayo ilipasa kumalizika jana yake. Usiku mzima, katika baridi ile, mnyama yule alikuwa ameteseka kwa sababu mimi sikutaka kukubali kwamba macho yangu yamezeeka.

Nilianza kuilaumu bunduki. Mzee aliniacha nikamaliza, kisha akasema, "Bunduki hiyo ilikuwa yangu miaka ishirini, naifahamu. Wewe mwambie daktari akupime macho, halafu uje kwangu tuondoe hilo pengo." Hakusema zaidi. Tulimchuna kulungu bila mazungumzo.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kujifunza habari za tundu. Mtu wa Connecticut aitwaye William Lyman alianza kuuza alama ya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1870. Baadaye Michigan yenyewe ikawa na mafundi wake: Marble's katika mji wa Gladstone, na Williams katika mji wa Davison. Wazo lao ni moja. Liondoe pengo lililo katikati ya mtutu. Mahali pake weka kisahani cha chuma chenye tundu, karibu na jicho. Mlengaji hatazami tundu. Anatazama kupitia ndani yake. Jicho lenyewe hupenda katikati ya duara, kwa sababu hapo ndipo penye mwanga mwingi, na ncha ya mbele hukaa katikati bila kusukumwa. Vitu vitatu vimekuwa viwili. Ukiikazia macho ncha ya mbele, kazi imekwisha.

Lakini kwa nini mzee asiyeiona hata ncha ya mbele bila ukungu huiona anapochungulia tunduni? Wazee wenzangu, naomba tufanye jaribio. Mmepewa karatasi ya ratiba ya leo. Chukueni pini au ncha ya kalamu, toboeni tundu dogo sana pembeni mwa karatasi. Sasa vueni miwani. Msione haya, hapa hakuna wasichana. Tazameni yale maandishi madogo ya chini, yanayotaja ada ya chama. Hayasomeki. Sasa lisogezeni lile tundu mpaka karibu kabisa na jicho, mtazame tena.

Nasikia vicheko. Yanasomeka, sivyo? Basi hamna tena kisingizio cha kutolipa ada.

Vijana, ninyi mtueleze kilichotokea. Mnakumbuka kamera ya tundu la pini. Kitu kisichoonekana sawasawa huwa na ukungu kwa sababu miale inayotoka kwenye nukta moja hupita sehemu nyingi za lenzi na haikutani mahali pamoja penye kioo cha jicho. Inamwagika kama duara. Tundu dogo huikata miale ya pembeni, ikabaki ile ya katikati tu. Duara la ukungu hupungua, na vitu vya karibu na vya mbali huonekana safi kwa pamoja. Tulikuwa na mwalimu wa fizikia aliyetufanyisha jambo hili mwaka 1968, kwa mkebe wa biskuti na karatasi iliyopakwa mafuta. Tuliuona mwembe ule wa nje umesimama kichwa chini. Mimi, kwa ujuaji wa kidato cha tatu, nilinyosha mkono nikauliza, "Mwalimu, jambo hili litatusaidia nini?" Akanijibu, "Litakusaidia kupita mtihani. Kaa chini." Nilikaa. Nilikuja kusimama tena miaka thelathini na minne baadaye, katika kinamasi cha Michigan.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Nitayapanga mambo kwa nambari kama tulivyozoeshwa.

Jambo la kwanza ni bunduki uliyo nayo. Winchester 94 za zamani hulitupa ganda juu, karibu na uso wa mpigaji, ndiyo maana haikuwa rahisi kuzifunga darubini katikati. Kiwanda kilibadili jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, ganda likawa linatoka kwa pembeni. Marlin 336 hulitupa ganda ubavuni na mgongo wake umefungwa, basi alama hukaa juu au ubavuni bila taabu. Kabla ya kununua tundu lolote, tazama ubavu wa kushoto na mgongo wa bunduki: je, pana matundu ya skrubu yaliyotobolewa kiwandani? Yakiwapo, kazi ni ya dakika ishirini na bisibisi nzuri. Yasipokuwapo, itabidi fundi atoboe chuma. Na kama ni Winchester ya kabla ya mwaka 1964, fikiri mara mbili, maana hizo hutafutwa na wakusanyaji, na tundu moja jipya la skrubu hupunguza thamani yake. Mtu wa namna hiyo ni afadhali aache bunduki ya babu kama ilivyo, atafute nyingine ya kazi.

Jambo la pili ni mahali pa kuliweka. Pana sehemu mbili. Moja ni juu au ubavuni mwa mwili wa chuma wa bunduki, ambamo komeo hutembea. Nyingine ni nyuma zaidi, juu ya shingo ya kitako. Ya shingoni ina kijiti kinachosimama na kulala, na ni nzuri kwa umbali wa alama zake mbili, lakini iko karibu mno na jicho. Kwa bunduki inayopiga teke kali, nyusi zitapasuka. Tena kidole gumba hakipati pa kukaa. Kwa mwindaji wa msituni mimi nachagua ile ya juu ya mwili wa chuma.

Kwa nini umbali wa alama mbili una maana? Hapa ninataka wanafunzi wachukue kalamu. Kwenye bunduki yangu nilipima kwa rula: toka ncha ya mbele mpaka pengo la zamani, sentimita 43, toka ncha ya mbele mpaka tundu jipya, sentimita 62. Tuseme mlengaji amekosea kuweka ncha kwa nusu milimita tu, unene wa kadi. Kwa pembetatu zinazofanana, kosa hilo kwenye mita 100 ni nusu milimita mara 100,000 gawanya kwa 430. Jibu ni milimita 116, yaani karibu sentimita 12. Kwa tundu jipya, gawanya kwa 620: milimita 81, karibu sentimita 8. Sehemu ya kifua cha kulungu yenye moyo na mapafu ina upana wa sentimita 20 hivi. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 10. Mnaona? Kosa lile lile la mkono, nusu milimita ile ile, kwa alama ya kwanza humjeruhi mnyama, na kwa ya pili humwangusha. Hesabu hiyo niliifanya mezani usiku, baada ya yule jike. Sikupata usingizi mapema.

Jambo la tatu ni ukubwa wa tundu lenyewe, na hapa nilikosea mara ya pili. Visahani vingi hufungwa kwa nyuzi za skrubu, na mtu anaweza kubadili kimoja kwa kingine. Vipo vya kulengea shabaha, vyenye tundu la milimita 1 hivi. Vipo vya kuwindia, vya milimita 3 hivi. Na vipo vikubwa vya milimita 5, vyenye ukingo mwembamba sana, ambao jicho likiuchungulia ukingo hutoweka kama kivuli.

Mimi nilikwenda uwanja wa shabaha saa sita mchana, mwezi wa Agosti. Nikavijaribu vyote. Kile cha milimita 1 kilinipa risasi zilizokaribiana kuliko vyote. Ncha ilikuwa safi kama kalamu mpya. Nikakifunga, nikarudi nyumbani nikijisifu.

Novemba ikafika. Sheria ya huko inaruhusu kuwinda tangu nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na kulungu nao hutembea saa hizo hizo. Nilisikia majani yakikatika, nikainua bunduki, nikachungulia. Sikuona kitu. Kulikuwa na weusi tu. Nikashusha bunduki, nikamwona kulungu kwa macho mawili, dume zuri, hatua arobaini. Nikainua tena, weusi. Akapita, akaenda zake, nami nikabaki nimelenga usiku.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Mwanga unaopita tunduni hufuata eneo lake, na eneo hufuata mraba wa kipenyo. Tundu la milimita 3 huingiza mwanga mara tisa kuliko la milimita 1. Mchana wa Agosti mwanga ni mwingi, huwezi kuuhisi upungufu huo. Alfajiri ya Novemba, chini ya miti, huna mwanga wa kupoteza. Nilikuwa nimechagua chombo kwa kukijaribu mahali ambapo kazi haifanyiki.

Msiache hapo mkadhani kwamba kubwa ndilo bora siku zote. Mboni ya jicho mchana wa jua hupungua mpaka milimita 2 au 3, na gizani hufunguka mpaka 5 au 7, kwa wazee pungufu. Tundu likiwa kubwa kuliko mboni halikati miale yoyote; ukungu haupungui. Hubakia faida moja tu, ya jicho kujipeleka katikati. Kwa hiyo kijana mwenye macho mazuri, anayewinda kwenye kichaka kizito na wanyama wa karibu, atafurahia tundu kubwa lenye ukingo mwembamba, kwa sababu ni la haraka. Mzee ambaye ncha ya mbele imeanza kumwotea manyoya anahitaji dogo kiasi. Mimi niliishia kwenye milimita 3, na cha milimita 5 nimekiweka mfukoni katika kibweta cha filamu kwa siku ya mawingu mazito. Kile cha milimita 1 kiko kwenye kopo la misumari.

Jambo la nne, ncha ya mbele. Wengi hununua tundu wakasahau ncha, kisha wakashangaa. Tundu jipya hukaa juu kuliko pengo la zamani. Nyuma ikipanda, risasi hupanda. Kanuni ni hii: alama ya nyuma isogeze kule unakotaka risasi iende, ya mbele isogeze kinyume. Yangu, hata baada ya kulishusha tundu mpaka mwisho wake, ilikuwa ikipiga sentimita 12 juu kwenye mita 50. Ncha iongezwe kiasi gani? Milimita 120 mara 620, gawanya kwa 50,000: milimita 1 na nusu. Nilikwenda dukani nikaomba ncha iliyo ndefu kwa kiasi hicho, na ya kwanza ikatosha. Mwenye duka aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia nilisoma shule ya bweni.

Umbo la ncha nalo liangaliwe. Ile yenye kishanga cha mviringo kinachong'aa ni nzuri kwa macho, lakini jua likiipiga upande mmoja, jicho huuona upande ule tu kuwa ndio katikati, na risasi huenda upande mwingine. Ncha bapa, yenye kichwa cha mraba na mstari mweupe nyuma yake, haina udanganyifu huo. Tena isiwe nene mno. Kishanga cha milimita 1.6, kikiwa sentimita 80 kutoka jichoni, hufunika sentimita 20 kwenye mita 100. Hicho ni kifua chote cha kulungu. Huwezi kulenga katikati ya kitu ulichokwisha kukifunika.

Jambo la tano ni uimara. Vifundo vikubwa vya kugeuza kwa vidole vinapendeza uwanjani, lakini msituni hunaswa na matawi, vikajigeuza bila wewe kujua. Mwindaji achague alama inayorekebishwa kwa bisibisi na kufungwa kwa skrubu, kisha asiiguse. Mzee yule alinifundisha kupaka tone la rangi ya kucha ya mkewe juu ya kila kichwa cha skrubu. Rangi ikipasuka, ujue skrubu imesogea, na bunduki isiende porini mpaka ijaribiwe upya.

Na la sita ni la mwisho, nalo haliuzwi dukani. Baada ya kufunga kila kitu, kaa, piga magoti, simama, na upige risasi kwa kila hali kwenye karatasi yenye duara la sentimita 20. Sogea nyuma mpaka mahali ambapo risasi moja inaanza kutoka nje ya duara. Rudi hatua kumi mbele. Hapo ndipo mpaka wako. Risasi ya 30-30 inaweza kumuua kulungu mbali zaidi, lakini swali siyo risasi inafika wapi. Mpaka wangu, kwa kusimama, ulikuwa mita 60. Niliuandika kwa kalamu ndani ya kofia, ili siku nikijidanganya niuone ninapoivua.

Tangu siku hizo niliwinda miaka kumi na minane, na sikumpoteza mnyama mwingine. Sisemi haya kwa kujisifu. Miaka mingine sikufyatua hata mara moja, kwa sababu aliyetokea alikuwa hatua tisini, nami ninasoma kofia yangu.

Mzee yule sasa ni marehemu. Mwaka juzi nilipiga tena kwenye duara la sentimita 20, kama ninavyofanya kila Oktoba. Tundu lilikuwa safi, ncha ilikuwa safi, nami niliona kila kitu. Mikono ndiyo iliyotikisika. Nikasogea mpaka mita 40, nikasogea mpaka 30. Nikaifuta bunduki mafuta, nikampelekea mjukuu wa mzee, msichana aliyekwisha kupita mafunzo ya usalama wa wawindaji. Nilimpa pamoja na visahani vyote, hata kile cha milimita 1, nikamweleza nilivyokosea nacho. Aliniuliza kwa nini nampa kitu ambacho bado kinafanya kazi vizuri. Nikamwonyesha karatasi yangu ya shabaha. Alitazama, akanyamaza, kisha akanishukuru.

Vijana, sikuwaambia kwamba mtawinda. Wengi wenu hamtashika bunduki maishani, na ni heri. Lakini kila mmoja wenu atashika chombo: sindano ya mgonjwa, usukani, kalamu ya kutia sahihi, chaki. Siku moja kitakuja kwenu kitu kama ukungu, nanyi mtashawishika kukisia kwa sababu mmefanya miaka mingi na mkono umezoea. Atakayeumia hatakuwa ninyi. Siku hiyo kapimeni macho.

Na tena, mwalimu wa fizikia akiwafanyisha jambo la mkebe wa biskuti, fanyeni, hata kama halitawasaidia ila kupita mtihani. Mwembe ule bado upo, nimeuona asubuhi nilipoingia. Umesimama wima. Mkitaka kuuona kichwa chini, mnajua la kufanya.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Wazee wenzangu, vaeni miwani yenu, chakula ki tayari.